Kiti cha Kushoto na Kuku wa Bwera

Masereka wa Bwera alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi sikumpenda. Naanza na hilo ili msije mkaniambia baadaye kwamba nilificha. Wengine wakimtaja huanza na upole wake. Mimi naanza na mikono yake: mipana, yenye makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko, mikono ya mtu wa kuunganisha baiskeli na mashine za kukobolea kahawa. Kwa mikono hiyo alitaka kuninyang'anya kitu nilichokipenda kuliko mshahara wangu.

Kitu chenyewe kilikuwa kiti cha gari. Mtacheka, lakini subirini.

Kasese tulikuwa na uwanja wa ndege, na ndege zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Basi tangu mwaka ule baada ya Uhuru, kila siku ya pili ya Krismasi, wenye magari walikuja kushindana pale. Magari mawili yalisimama sambamba kwenye pipa, bendera ikishuka yanatoka mbio moja kwa moja hadi pipa la pili, robo maili, na mambo yamekwisha kabla hujameza mate. Tajiri wangu Abdunoor, mwenye gereji, alikuwa na Pijo nyeupe kwa ajili ya siku hiyo moja tu. Yeye ndiye aliyeweka desturi ambayo wengine waliifuata: fundi aliyetengeneza injini lazima apande, akae kiti cha kushoto kando ya dereva.

"Fundi naamini kazi yake, napanda," alisema. "Kama hapana amini, mimi pia naamini namna gani?"

Miaka saba kiti kile kilikuwa changu. Dereva wetu alikuwa Mbabazi, polisi wa kambini, na mimi nilikaa kushoto mkono ukiwa dirishani. Watu wa kambi, wafanyakazi wa mgodi wa shaba na wa kiwanda cha saruji, wake zao na watoto wao, wote waliniona nikipita. Mke wangu Naome alinishonea shati la rangi ya chungwa ili anitambue kwa mbali. Njiani watu waliniita "Kanyesigye wa Pijo." Mtu mwenye jina kama hilo halali na njaa, hata kama ugali haupo.

Mwaka 1969 Siraje wa Fort Portal akaja na Zefa ya silinda sita, akatuacha tukila vumbi. Mwezi wa tatu uliofuata Abdunoor akarudi gerejini na kitu amekifunga kwenye gunia, amekipata kwenye chakavu za mashine za dizeli. Ilikuwa turbo.

Kwa asiyeijua, turbo ina umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini kwa nguvu unazungusha feni ndani yake, na feni hiyo inaisukumia injini hewa, ikapumua pumzi ya watu wawili. Taabu ni kwamba kwenye Pijo konokono huyo hakuwa na pa kukaa. Ilibidi akae juu ya manifoldi, yaani ule mkono wa chuma wenye vidole vinne unaokusanya moshi wa silinda nne na kuupeleka kwenye bomba. Manifoldi ya kiwandani ilitengenezwa kubeba moshi tu. Kuibebesha konokono wa kilo kumi juu ya moshi ni jambo jingine.

Nilikata, nikachomelea, nikamwagia maji ipoe, kama nilivyozoea. Ikapasuka. Nikarudia, ikapasuka tena, safari hii kwa mlio uliomfanya Abdunoor atoke ofisini.

"Kanyesigye, wewe fundi," alisema. "Lakini hii imeshinda wewe. Iko mtu Bwera."

Hayo maneno matatu ya mwisho yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Yakanikaa zaidi aliponipeleka mwenyewe kwa pikapu, mimi na manifoldi iliyopasuka, na nyingine nzima, na konokono wake, akaniacha uani kwa Masereka na kuniambia nikae, nione, nijifunze. Nijifunze! Mimi niliyekuwa na mafundi wanne chini yangu, nijifunze kwa mchomeleaji wa baiskeli.

Masereka alikuwa ametumikia mgodi miaka kumi na mmoja, akichomelea zile mashine kubwa za dizeli. Milio ya miaka yote hiyo ilikula masikio yake kidogo kidogo, na mwaka 1964 alirudi kwao Bwera akiwa hasikii hata ngoma ya kanisa. Ukitaka kusema naye, ulimpigia kelele kwenye sikio la kulia, na hapo alipata nusu. Nilitegemea kumkuta mtu wa kusikitikiwa. Nikamkuta ana nyumba ya bati, kahawa nyuma ya nyumba, na mkewe Ithungu anayemletea maji kabla hajaomba. Watu waliegemeza baiskeli zao kwenye ukuta wake na kuondoka bila hata kumweleza kilichovunjika. Aliziangalia mwenyewe akajua. Mimi Kasese, mtu akileta gari lake alisimama nyuma yangu tangu asubuhi mpaka jioni, kana kwamba nitakula betri.

Aliichukua manifoldi yangu iliyopasuka, akaigeuza mara mbili. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mugeni," aliniambia, kwa sauti kubwa ya viziwi, "hii chuma haikukuwa mubaya. Ulimuharakisha. Chuma ya kumimina iko sawa na ile ya pasi ya makaa. Moto anavumilia, haraka hapana. Bafundi ya Kasese beko na haraka sana."

Majirani wawili waliokuwa uani wakanitazama. Nilitabasamu.

Nikaona kazi yake siku hiyo, na kwa kuwa nimeahidi kutoficha, nasema: ilikuwa kazi. Kwanza alitengeneza mguu wa chuma wa kuubeba uzito wa konokono kutoka chini, ili manifoldi isibebe peke yake. Mimi sikuwaza mguu. Kisha akaiweka manifoldi nzima juu ya makaa, akaipasha polepole mpaka ikawa na wekundu wa nyanya inayoanza kuiva, na hapo ndipo alipoichomelea kitako cha turbo, kidogo hapa, kidogo pale, akigonga kwa nyundo ndogo baada ya kila mshono. Alikuwa akiimba. Aliimba vibaya, maana hakujisikia, na hata huko kuimba vibaya nilimwonea gere, kwa sababu mimi nikifanya kazi huwa natukana.

Alipomaliza, akaizika. Nyuma ya jiko alikuwa na shimo lililojaa majivu ya maganda ya kahawa, laini kama unga wa muhogo. Akaitumbukiza manifoldi humo ikiwa bado nyekundu, akaifunika.

"Inatoka siku gani?" nilimpigia kelele.

Akanyoosha kidole. Kuku mmoja wa madoadoa alikuwa ameshafika, akakaa juu ya majivu, akatandaza mabawa na kufumba macho.

"Ule kuku anajua," alisema Masereka. "Anapenda joto. Akiondoka yeye mwenyewe na harudi, chuma imepoa mupaka ndani. Mimi siangalie saa. Naangalia kuku."

Basi hivyo ndivyo alivyopima. Mimi nilisomea ufundi miaka miwili Kampala, nina cheti, na hapa nimewekwa chini ya kuku.

Kesho yake, Jumatano, Masereka aliitwa kwenye mazishi ng'ambo ya Mpondwe, upande wa Kongo. Ithungu akaenda shambani. Wakaniachia bundu, ule ugali wao wa muhogo, na samaki chini ya sahani, na Masereka akanishika bega.

"Chunga kuku," aliniambia. "Nakutumainia."

Nilikaa peke yangu na kuku yule tangu asubuhi mpaka alasiri, tukitazamana. Nikawaza: manifoldi hii ikifaulu, siku ya pili ya Krismasi nani atakaa kushoto? Desturi inasema aliyetengeneza. Nikamwona Masereka ndani ya Pijo, na mikono yake ile dirishani. Nikamwona Naome na shati langu la rangi ya chungwa mkononi, hana wa kumtafuta. Na kama ikipasuka? Ikipasuka, Abdunoor atasema hata mtu wa Bwera imemshinda, atauza konokono wake, na kiti kitabaki palepale.

Sikuokota jiwe kubwa. Lilikuwa kokoto. Kuku akaruka, akarudi. Nikachukua fimbo ya muhogo. Mara ya tatu alinifahamu, akakimbilia kwenye kahawa na hakutokea tena. Niliingiza kidole kwenye majivu, nikakitoa mbio. Chini kulikuwa na moto bado.

Masereka alirudi jioni, mvua ya rasharasha ikishuka kutoka mlimani. Akatazama shimo.

"Kuku iliondoka yenyewe?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikutumia hata neno moja.

Aliichimbua kwa koleo. "Joto bado iko," alisema, akasita kidogo. Halafu akanitazama, mimi mgeni wake niliyekula samaki wake. "Lakini kama kuku ameondoka." Akaiweka juu ya jiwe lililolowa, akageuka kutafuta gunia.

Ndipo niliposikia. Tii. Sauti ndogo, ya sahani inayopasuka ndani ya kabati. Niliisikia mimi peke yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na masikio ya kuisikilizia. Akarudi na gunia, akaifuta manifoldi, akaitazama mbele na nyuma. Ufa haukuonekana. Akaipigapiga kama mtu anavyompiga ndama, akanikabidhi. Mimi nikasema "wasingya," asante yao ya Kikonzo, na aliposoma neno hilo midomoni mwangu alifurahi kupita kiasi.

Niliamini itapasukia gerejini, mchana kweupe, bila kumdhuru mtu. Haikupasuka. Tulifunga manifoldi, mguu na konokono, na mimi kwa mkono wangu nikapitisha bomba la petroli shibiri moja kutoka pale, maana hapakuwa na njia nyingine. Injini ikawaka ikanguruma vizuri. Abdunoor alikataza isijaribiwe kwa kasi, wasije watu wa Siraje wakasikia habari. Gari likafunikwa turubai, na kazi iliyobaki ilikuwa kusifu. Miezi ile kila aliyekuja gerejini alifunua boneti na kusema: huyu mtu wa Bwera, huyu mtu wa Bwera. Naome naye akaniuliza siku moja kama ni kweli anapima kwa kuku. Nikamwambia aniletee chakula.

Siku ya pili ya Krismasi, 1970, uwanja ulijaa. Masereka alikuja na Ithungu, amevaa koti la kanisani. Siraje akaleta Zefa yake pipani, anatafuna njugu. Abdunoor akamshika Masereka mkono, akamwongoza mpaka kwenye Pijo, akamfungulia mlango wa kushoto mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimevaa shati la rangi ya chungwa. Sijui kwa nini nilivaa.

Masereka akatazama kiti, akatikisa kichwa.

"Hapana, Abdunoor. Mimi sisikie kitu. Hii kiti inataka mutu ya masikio, aambie dereva kama injini analia mubaya. Kanyesigye alichunga majivu. Kazi ni ya sisi wawili." Akanivuta mkono. "Ingia, fundi."

Watu wakapiga makofi. Nikaingia. Kiti kilikuwa kilekile, kimebonyea mahali pangu. Mbabazi alinikonyeza, akanionyesha majani ya pembeni ambako mkewe Provia amekaa na watoto watatu, mdogo kabisa amewekwa juu ya sanduku la soda ili aone.

"Leo tunamaliza huyu Siraje," alisema Mbabazi. "Kaa imara, fundi."

Akawasha. Tukasogea hadi pipani. Akakanyaga mara moja kuamsha konokono, na chini ya mngurumo nikasikia kitu kingine: ss, ss, ss, hewa inayopenya penye mwanya. Mbabazi hakukitambua, yeye ni mtu wa usukani. Harufu ya chuma cha moto ikaingia. Shibiri moja kutoka pale kulikuwa na petroli yangu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba huingia akipigiwa makofi. Bendera ikainuliwa. Nilifikiri: huenda ikavumilia robo maili. Nikafikiri: ni kufumba na kufumbua. Kisha nikamwona yule mtoto kwenye sanduku la soda akimpungia baba yake, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Nikazima.

"Afande, toka," nilimwambia Mbabazi. "Gari ina ufa. Itawaka."

Siraje akaondoka peke yake, akafika peke yake, akashangilia peke yake. Abdunoor alikuja mbio. Nilimweleza kwa sauti ya chini, karibu na sikio, kuhusu kokoto na fimbo na kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umekauka.

"Kwangu hapana," alisema. "Ambia mwenye kazi."

Basi nikamwendea Masereka na kuanza kwa sauti ya kanisani. Akaweka kiganja kwenye sikio la kulia.

"Sema nini? Sisikie."

Nikapandisha. Akatikisa kichwa. Uongo wangu nilikuwa nimeusema kwa kutikisa kichwa mara moja, uani, hakuna shahidi ila jiko. Ukweli ukataka mapafu yote. Nilisimama katikati ya uwanja wa ndege wa Kasese, na polisi na wachimba mgodi na wake zao na Naome wangu wakinitazama, nikapaza sauti:

"Kuku hakuondoka mwenyewe! Nilimfukuza mimi! Nilikuonea wivu! Chuma kilipasuka juu ya jiwe, nikasikia, nikanyamaza!"

Hapo alisikia. Uwanja mzima ulisikia. Ithungu alishika kitambaa chake mdomoni. Masereka akaenda kwenye boneti, akainama, akatafuta ufa kwa ukucha mpaka akaupata. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Ulisikia?" aliuliza. "Siku ile, ulisikia chuma ikipasuka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi miaka sita sijasikia chuma. Naota usiku inalia, naamuka, kimya. Ningetoa mukono moja nisikie. Wewe ulisikia bure, na ulinyamaza." Akanikaribia zaidi, akanitazama midomo. "Ilisema namna gani?"

Sikuelewa kwamba anauliza kweli. Alikuwa anauliza kweli. Nikafungua mdomo, mtu mzima na shati langu la rangi ya chungwa, mbele ya watu wote.

"Tii," nilisema.

"Rudia."

Nikarudia. Alinifanya nirudie mara nne, na watu wakaanza kucheka, na yeye hakuwasikia.

Tangu siku hiyo Kasese nzima iliniita Kuku. Abdunoor alinivua ukuu wa mafundi, hakunifukuza. Alifanya jambo baya zaidi: alinirudisha Bwera. Masereka alikuwa amemwomba. Alitengeneza manifoldi ya pili na mimi nikakaa kando ya shimo la majivu siku mbili, kazi yangu ni kusikiliza. Kuku wa madoadoa alikaa mbali nami mpaka aliposinzia. Alhamisi asubuhi akaondoka mwenyewe. Masereka alipoichimbua na kuilaza juu ya gunia kavu, hakuitazama manifoldi. Alinitazama mimi usoni, muda wote, mpaka nilipotikisa kichwa kwamba kimya, hakuna kitu.

Mwishoni mwa 1971 Pijo ilimwacha Siraje kwa urefu wa magari mawili. Kushoto kwa Mbabazi alikaa Masereka, maana safari hii nilikataa mwenyewe, na Abdunoor alifurahi kwamba nilikataa. Mimi nilikuwa kwenye pipa la mwisho na shati la kawaida. Walipopita, niliuona mkono wake ukiwa dirishani, palepale ulipokuwa ukikaa wangu. Roho iliniuma kama siku ya kwanza. Sijui nani aliyewadanganya watu kwamba ukishatubu wivu unaondoka.

Alishuka, akawapita waliotaka kumbeba, akaja moja kwa moja kwangu na kiganja sikioni.

"Fundi," alisema, "ilikuwa inalia namna gani?"

Nikamweleza, kwa kelele, yote niliyosikia.